Nimepona, au Nimezoea?

(Mazungumzo ya redio ya Jumapili asubuhi)

Nawasalimu ninyi mlio nyumbani mkingoja chai ichemke, ninyi mlio njiani kwenda ibadani, na wewe uliye kitandani hospitalini, ambaye redio ya jirani ndiyo kanisa lako leo. Karibuni tuketi pamoja kwa dakika hizi chache.

Nina barua mkononi. Imeandikwa na dada mmoja ambaye hakutaka jina lake litajwe. Sitalitaja, wala sitasema anatoka upande gani wa nchi. Asema ana umri wa miaka 38, ana watoto watatu, na ni mweka hazina wa chama cha akina mama katika ushirika wake. Alipokuwa mdogo baba yake alikuwa mlevi. Mama alipigwa mbele ya watoto, na siku moja mama akaondoka, asirudi. Dada huyu alibaki akiwalea wadogo zake wawili, naye mwenyewe alikuwa na miaka kumi na mmoja tu. Leo wadogo hao wana nyumba zao. Kila mwaka, ikifika Jumapili ya akina mama, mchungaji humwomba asimame atoe ushuhuda, maana hajaonekana akilia hata siku moja, na watu husema, "Mtazameni huyu, ni mwamba."

Kisha aandika hivi: "Mzee, nimechoka kuwa mwamba. Usiku silali. Mtoto wangu akiangusha kikombe jikoni, moyo wapiga kama ngoma mpaka natetemeka. Nimesikia kwamba siku hizi kuna vipimo vya kujua kama mtu aliyeteswa utotoni amestahimili. Je, ni kweli? Mimi nataka kujua jambo moja tu: nimepona, au nimezoea?"

Ndugu msikilizaji, barua hii imekaa juu ya meza yangu majuma sita. Majibu mepesi ninayo mengi, kama kila mzee wa kanisa, lakini kila nilipoanza kuandika jibu jepesi niliona aibu. Basi leo nitajaribu jibu refu kidogo.

Kwanza, ndiyo, vipimo vipo. Tena viko vya namna mbili, na watu huvichanganya. Kuna vile vinavyohesabu majeraha ya mtu, na kuna vile vinavyotafuta nguvu zake.

Kipimo cha majeraha kilianza kujulikana sana mwaka 1998. Madaktari wawili wa Marekani, Vincent Felitti na Robert Anda, waliwauliza watu wazima waliokuja kupimwa afya katika mji wa San Diego habari za utoto wao. Je, ulipigwa nyumbani? Ulitukanwa na kudharauliwa? Ulitendewa mambo machafu na mtu mzima? Mama yako alipigwa? Nyumba hiyo ilikuwa na mlevi, au mtu aliyefungwa jela, au mwenye ugonjwa wa akili? Baadaye waliongeza maswali juu ya wazazi kuachana na mtoto kukosa kutunzwa. Watu zaidi ya 17,000 walijibu kwa jumla, wala hawakuwa watu wa mitaa ya mabanda, bali watu wenye bima ya matibabu, na wengi wao wenye elimu nzuri. Hata hivyo zaidi ya nusu yao walikuwa na jeraha moja au zaidi. Na wale waliokuwa na majeraha manne au zaidi, wakilinganishwa na wasio na hata moja, hatari yao ya kuwa walevi, ya kutumia dawa za kulevya, ya kuzama katika huzuni, na ya kujaribu kujiua, ilikuwa kubwa mara nne hadi mara kumi na mbili.

Dada yangu, najua umeanza kuhesabu kwa vidole. Pengine umefika manne. Usitishike. Mwaka 2020 huyo Anda mwenyewe, pamoja na wenzake, aliandika kuwaonya watu kwamba hesabu hii ilitengenezwa kwa ajili ya kuangalia makundi makubwa, si kwa kumtabiria mtu mmoja maisha yake. Ni kama kipimo cha mvua cha wilaya nzima. Kinaweza kuwa kweli kabisa, na bado kisikuambie shamba lako lilipata nini.

Na mtu asidhani haya ni mambo ya San Diego tu. Hapa Kenya, uchunguzi uliofanywa mwaka 2010 kwa vijana wa miaka 18 hadi 24 ulionyesha kwamba wasichana 66 katika kila mia, na wavulana 73 katika kila mia, walitendewa jeuri ya mwili kabla ya kufikisha miaka 18. Uchunguzi kama huo ulirudiwa mwaka 2019, na idadi ilikuwa imeshuka, jambo la kumshukuru Mungu. Lakini hata hapo, karibu nusu ya wasichana na zaidi ya nusu ya wavulana walikuwa wametendewa jeuri ya namna moja au nyingine katika utoto wao. Kwa hiyo ukiwa kanisani leo, tazama benchi ulilokalia.

Sasa tuje kwenye nguvu. Sisi tumezoea kusema uvumilivu, na wengine husema ustahimilivu, lakini wataalamu wanatafuta kitu kilicho zaidi ya kubeba mzigo bila kulalamika. Punda naye hubeba bila kulalamika. Wanamtafuta mtu aliyetwikwa mzigo akiwa mdogo, na hata hivyo akakua, akapenda, akafanya kazi, akalea.

Je, mtu kama huyo yuko? Mwanamke mmoja mtaalamu wa saikolojia, jina lake Emmy Werner, alitumia karibu maisha yake yote kujibu swali hili. Yeye na mwenzake Ruth Smith waliwafuata watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, huko Hawaii. Hawakuwauliza mara moja na kwenda zao. Watoto hao walitazamwa wakiwa na mwaka mmoja, na miwili, na kumi, na kumi na minane, kisha wakiwa watu wazima wa miaka 32 na miaka 40. Karibu thuluthi moja ya watoto wote walianza maisha vibaya: ufukwara, ugomvi nyumbani, wazazi walevi au wagonjwa wa akili. Katika hao walioanza vibaya, wawili kati ya kila watatu walipata matatizo makubwa kabla ya kuwa watu wazima. Lakini mmoja kati ya watatu, kwa hesabu watu 72, alikua akawa mtu mwenye kujiamini, mwenye kujali wenzake, mwenye kuweza kazi yake. Walipochunguzwa wana nini wenzao wasilokuwa nalo, moja lililoonekana ni hili: kila mmoja alikuwa amepata angalau mtu mmoja wa kumshika sana, mtu aliyetulia, hata kama hakuwa mzazi. Nyanya, au shangazi, au jirani, au mwalimu.

Nitarudi Kauai baadaye. Kwanza niwaambie habari za karatasi.

Tangu miaka ya tisini wataalamu wametunga karatasi nyingi za maswali ambazo mtu mzima hujijazia mwenyewe. Wauguzi wawili, Wagnild na Young, walitoa yao mwaka 1993, baada ya kuwasikiliza wanawake wazee 24 waliopitia misiba na kuendelea kuishi vizuri. Napenda kwamba walianza kwa kuwasikiliza wazee. Mwaka 2003 Connor na Davidson wakatoa yenye maswali 25. Kila swali hupewa alama kuanzia sifuri hadi nne, na jumla kuu ni mia. Yanauliza kama waweza kuzoea mabadiliko, kama una mtu wa karibu wa kukusaidia, kama wamudu hisia zinazouma, na liko hata moja linalogusa msaada wa Mungu au majaaliwa. Mwaka 2008 wengine wakatoa fupi ya maswali sita tu. Mwaka 2011, wachunguzi kutoka Uingereza walizikusanya karatasi za namna hii 19, wakazichambua, wakasema hapakuwa na hata moja inayoweza kuitwa mizani kamili.

Mimi mwenyewe nimewahi kuijaza ile ya maswali 25. Palikuwa na semina ya wazee wa kanisa wanaotoa ushauri, tukapewa karatasi na kalamu, tukaambiwa tujipime kabla ya kuwapima wengine. Niwaeleze kwanza habari zangu kidogo, ili mjue ni nani aliyekuwa akijaza.

Nilizaliwa mwaka 1957. Baba alifariki nikiwa na miaka sita, na mama hakuweza kutulisha sote watano, kwa hiyo nikapelekwa kwa ndugu mmoja wa baba. Sitasema mengi juu yake, naye ameshakwenda mbele ya haki. Alikuwa na kipande cha tairi la baiskeli nyuma ya mlango. Nilikula baada ya watu wote, na usiku nililala na mbuzi. Palikuwa na nyanya mmoja wa jirani, wala hakuwa wa ukoo wetu, aliyekuwa akiniachia kiazi kitamu kilichochemshwa juu ya jiwe penye njia ya mtoni. Hakusema kitu. Kiazi kilikuwa pale tu, kimefunikwa na jani la mgomba, na nilipopita alikuwa akikohoa ndani ya nyumba yake ili nijue kwamba ananiona. Nilisoma, nikawa mwalimu mwaka 1979, nikafundisha mpaka nilipostaafu mwaka 2012.

Basi nikaijaza karatasi. Nikajipa alama 91. Nilifurahi sana, nikaichukua nyumbani kumwonyesha mke wangu, kama mtoto aliyeshinda mtihani. Akavaa miwani yake, akasoma swali baada ya swali. Kisha akaniuliza, "Mzee, nani amejaza karatasi hii?"

Nikamwambia ni mimi. Akaomba kalamu, akaijaza upya kwa vile anavyoniona yeye, huku akimenya viazi. Nilipojumlisha, nilikuwa na 64.

Tulipokaa kuzungumza aliniambia, kwa upole, "Hapa pa kumudu hisia umejipa nne. Mama yako alipofariki ulinyamaza miezi mitatu, watoto wakawa wanatembea kwa kunyata nyumbani mwao wenyewe. Hapa pa kuomba msaada umejipa nne. Ni lini uliniomba chochote?" Sikuwa na jibu. Kumbe ile 91 ilikuwa kipimo cha mtu ninayetaka watu wamwone.

Hilo ndilo kasoro la kwanza la karatasi hizi. Mtu hujijazia mwenyewe, na yule aliyejifunza utotoni kuficha machozi ili asipigwe zaidi, ndiye atakayejipa alama nzuri kuliko wote.

La pili ni kumbukumbu. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya kulinganisha tafiti nyingi. Upande mmoja waliwekwa watu ambao mateso yao yalikuwa yameandikwa wakiwa bado watoto, na upande wa pili ni yale watu wanayoyakumbuka wakiwa wakubwa. Ikaonekana kwamba karibu nusu ya wale ambao mateso yao yaliandikwa hawakuyataja walipoulizwa baadaye. Na zaidi ya nusu ya wale waliosema waliteswa hawakuwa na maandishi yoyote ya utotoni. Haina maana kwamba watu ni waongo. Mengi hutendeka nyuma ya milango iliyofungwa wala hayaandikwi, na mengine mtu huyafukia ili apate kwenda mbele.

Wenye Biblia nyumbani watalikumbuka jambo hili katika habari za Yusufu. Ukisoma sura ya 37 ya kitabu cha Mwanzo, ndugu zake wanamtupa shimoni, wanaketi kula, wanamuuza, na katika sura hiyo yote husikii kijana huyo akilia hata neno moja. Ungedhani alinyamaza. Ni mpaka sura ya 42, zaidi ya miaka ishirini imepita, ndipo unasikia kutoka vinywani mwa ndugu zake wenyewe kwamba alikuwa akiwasihi, nao wakakataa kumsikia. Kilio kilikuwapo tangu mwanzo, ila hakikuandikwa mahali pake.

Tena tujaribu kumpima Yusufu kwa karatasi ya maswali 25. Ana miaka thelathini, amesimama mbele ya Farao, amepewa pete na gari na mke. Je, waweza kuzoea mabadiliko? Nne. Je, waweza kufanya kazi chini ya taabu? Nne. Mtoto wake wa kwanza amempa jina Manase, jina la kusema kwamba Mungu amemsahaulisha taabu zake na nyumba ya baba yake. Nadhani angepita hata mimi. Lakini mtu aliyesahau kweli, je, humwita mtoto wake Usahaulifu, alitamke jina hilo asubuhi na jioni?

Kisha ndugu zake wanakuja kununua nafaka, na mtu huyu wa alama mia anaondoka mbio kwenda kulia chumbani. Ananawa uso, anatoka, anaagiza chakula kiandaliwe. Baadaye analia tena, kwa sauti kubwa hata Wamisri nje wanamsikia. Mkifika nyumbani hesabuni wenyewe ni mara ngapi analia kabla kitabu hakijaisha. Wahubiri wengi, na mimi nikiwa mmoja wao, tumemsifu Yusufu wa ghalani na kumpita haraka Yusufu wa chumbani. Lakini ni baada ya kulia hivyo ndipo aliweza kuwaita ndugu zake wakaribie.

Hapo ndipo barua ya dada yetu inaponigusa. Yeye amesifiwa kwa kutolia.

Na kuna jambo la tatu, zito kuliko hayo mawili. Huko Marekani, katika vijiji vya jimbo la Georgia, Gene Brody na wenzake waliwafuata vijana weusi waliokuwa wakilelewa katika umaskini. Walimu wao wa shule waliwataja wale waliofanya vizuri pamoja na taabu zote: wenye bidii, wenye adabu, wenye kujizuia. Walipofika miaka 19 vijana hao hawakuwa na huzuni nyingi, wala hawakuwa na fujo. Kwa karatasi yoyote ya maswali wangeitwa washindi. Lakini madaktari walipopima miili yao, yaani shinikizo la damu, na uzito, na zile kemikali ambazo mwili hutoa mtu akiwa katika hofu, walikuta kwamba wengi wa washindi hawa waliotoka katika hali ngumu kabisa miili yao ilikuwa imechakaa kabla ya wakati. Matokeo yalitangazwa mwaka 2013, na swali la wachunguzi lilikuwa kama ustahimilivu huu umeishia kwenye ngozi tu.

Nilipoyasoma hayo niliwakumbuka walimu wenzangu watatu, wachapa kazi, watu wa kusimama wima, ambao presha iliwaangusha kabla ya miaka 55. Sisemi najua chanzo chake. Nasema niliwakumbuka.

Basi, dada, wewe usiyelala na ambaye moyo wako hupiga kikombe kikianguka: mwili wako umeshajaza karatasi yake, nayo haijui kuficha.

Tena kuna neno moja katika maswali haya linalonisumbua. Mengi huuliza kama mtu hurudi upesi katika hali yake baada ya taabu, kama mpira unavyorudi ukidundishwa. Swali hilo lafaa kwa mtu mzima aliyeunguliwa na nyumba, maana anajua alikuwa nani kabla ya moto. Lakini mtoto aliyezaliwa ndani ya moto arudi wapi? Mimi nilipotoka katika nyumba ile ya mbuzi sikuwa na hali ya zamani ya kuirudia. Ilinibidi nijifunze kama mgeni namna watu wanavyokaa mezani, namna baba anavyomwita mtoto bila mtoto kuruka. Na mengine sikuyajifunza kwa wakati.

Hapa niseme jambo ambalo nimelificha miaka mingi. Nilipokuwa mwalimu nilikuwa na kiboko. Mzazi akilalamika nilimjibu, "Mimi nilipigwa, na nimekuwa mtu." Hata kiboko kilipopigwa marufuku shuleni mwaka 2001, nilisema serikali inaharibu watoto. Nilijitumia mwenyewe kama ushahidi kwamba kipigo hakidhuru. Ile 91 yangu nilikuwa naipigia watoto wa watu. Kuna mmoja, sasa ni mtu mzima mwenye duka sokoni, ambaye mpaka leo nikiingia dukani mwake husimama wima na mikono hukaa kando. Mwaka jana nilimwomba msamaha. Akasema, "Yaliisha zamani, mwalimu." Lakini alisema akiwa bado amesimama vile vile.

Ndiyo maana nafurahi kwamba wako wataalamu wanaopima kwa njia nyingine. Michael Ungar wa Kanada na wenzake waliwauliza vijana zaidi ya 1,400 katika mataifa 11, na Tanzania, Gambia na Afrika Kusini zikiwa miongoni mwake, ni nini kinachomsaidia mtoto kuishi vizuri pale kwao. Hawakuuliza tu, "Je, wewe una nguvu?" Waliuliza pia juu ya watu na mambo yanayomzunguka: familia, chakula, mila, mahali pa ibada, haki. Baadaye ikatoka karatasi ya watu wazima katika mtindo huo, ya maswali 17, sehemu yake moja ikimhusu mtu mwenyewe na nyingine ikihusu uhusiano wake na watu wake. Mtu akipata alama ndogo katika ile ya pili, lawama si yake peke yake. Wako wengine wa kuulizwa.

Mwaka 2019 Christina Bethell na wenzake walitangaza matokeo ya watu wazima 6,188 wa Wisconsin waliokuwa wameulizwa maswali saba juu ya mema ya utotoni, si mabaya. Mojawapo lilikuwa hili: je, walikuwapo watu wazima angalau wawili, wasio wazazi wako, waliokujali kwa kweli? Jingine: je, ulifurahia kushiriki mila za watu wa kwenu? Waliojibu ndiyo katika sita au yote saba, uwezekano wao wa kuwa na huzuni kubwa au afya mbaya ya akili ulikuwa chini kwa asilimia 72 kuliko waliopata mawili au chini yake. Na hii ilikuwa hivyo hata kwa watu waliokuwa na majeraha mengi. Nilipofika hapo nikaweka kitabu chini, nikamkumbuka nyanya wa kiazi. Yeye ni mmoja. Wa pili nilimtafuta usiku kucha, nikampata: karani wa shule aliyekuwa akinilipia kalamu.

Nimeahidi kurudi Kauai. Wale vijana wawili kati ya watatu walioharibikiwa, je, waliishia hapo? Werner aliwatafuta tena walipokuwa watu wa miaka thelathini na kitu, kisha arobaini. Wengi wao walikuwa wamegeuka. Wasichana waliozaa wakiwa shuleni walikuwa wamerudi kusoma na kupata kazi. Vijana waliokuwa na makosa ya polisi walikuwa na nyumba na watoto. Walipoulizwa ni nini kiligeuza mambo, walitaja masomo ya ukubwani, na utumishi jeshini, na kuoa au kuolewa na mtu mtulivu, na kuponea chupuchupu ugonjwa wa kuua, na wengine walitaja kuingia katika ushirika wa imani na kushiriki kazi zake. Kanisa limo katika orodha hiyo pamoja na jeshi na ndoa, wala halimo peke yake, na mimi sioni vibaya kusema hivyo. Ila sharti liwe kanisa ambamo mtu aweza kuketi, si kusimamishwa kila mwaka awe sanamu ya wengine kutazama.

Sasa, dada yangu, nikujibu. Waweza kuijaza karatasi, haitakudhuru. Lakini usiijaze peke yako. Mpe nyingine yule anayekujua usiku, kisha mzilinganishe. Zile nambari mbili ziache, tazama pale zinapopishana. Nenda zahanati upimwe shinikizo la damu juma hili, na umwambie muuguzi kwamba hulali, usiseme "niko sawa." Kama katika hospitali ya wilaya yenu yuko mshauri wa mambo ya nafsi, mwone. Kumwona si kukosa imani, kama vile kumwona daktari wa meno si kukosa imani. Na mwaka huu mchungaji akikuomba ushuhuda, mwambie, "Mwaka huu nitaketi." Mchungaji wako akikasirika, niandikie, nami nitamwandikia.

Ama kuhusu lile swali lako, nimepona au nimezoea, nilitaka kukujibu kwa kipimo, na kipimo nilichokipata ni hiki kidogo tu. Mtu aliyezoea hajiulizi. Alipoulizwa mke wangu miaka hiyo yote jinsi nilivyo, alisema, "Ndivyo alivyo," nami pia nilisema, "Ndivyo nilivyo." Wewe umeuliza, tena kwa maandishi, ukalipia stempu.

Zile karatasi mbili bado ninazo, zimekaa ndani ya Biblia yangu kubwa. Mwezi uliopita nilimwomba mke wangu anijazie tena. Akakataa kwanza, akisema ana kazi, kisha akajaza. Nilipata 69. Nikamwuliza alama hizo tano zimetoka wapi. Akaniambia nihesabu ni mara ngapi mwaka huu mjukuu wetu ameniamsha mchana kwa kunivuta masikio, na mara ngapi wazazi wake walithubutu hivyo.

Wakati wetu umekwisha. Wenye maswali waandike kama kawaida, na asiyetaka jina lake litajwe aseme. Tutakutana tena juma lijalo saa kama hii. Bwana awe nanyi.